Kazi ya kutafuta taarifa kwa kujitegemea: inaweza kumlisha mtu?

Masjala27:

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, hasa kwa waliopita njia hii.

Nina miaka 27, naishi Dar. Nimesoma stashahada pale Bagamoyo, Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka (SLADS). Nimekaa masjala ya kampuni moja miaka mitatu, mkataba ukaisha mwezi wa pili na hawakuuongeza. Tangu hapo zimenijia kazi tatu ambazo sikuzitafuta. Mwanafunzi wa uzamili alinilipa nimtafutie makala. Mwanasheria mmoja akaniomba nimkusanyie hukumu za migogoro ya ardhi, nikazitoa TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, kwa siku mbili, akafurahi sana. Na juzi shirika moja limeniuliza kama naweza kuwafanyia mapitio ya maandiko kuhusu udumavu wa watoto.

Sasa nawaza: hii inaweza kuwa kazi kamili? Kuna mtu hapa anaishi kwa kutafuta taarifa tu, bila kuajiriwa? Na anaanzaje? Nyumbani wananiambia niendelee kutuma maombi ya ajira na niache kubahatisha.

Kiboko_wa_Temeke:

Mkuu, nyumbani wako sahihi. Siku hizi kila kitu kipo Google, na kisichokuwepo Google unaiuliza akili mnemba inakujibu kwa sekunde tano. Nani atakulipa kwa kitu ambacho anaweza kukipata bure kwenye simu yake? Fanya kama kazi ya pembeni wakati unasubiri ajira.

Mtafutaji wa Tabata:

Mdogo wangu Masjala27, nimelisoma swali lako mara mbili, maana mwaka 2014 nilikuwa hapo hapo ulipo. Mimi pia nimetoka SLADS. Nilikuwa natunza kituo cha nyaraka cha shirika fulani, mradi ukaisha, vitabu vikafungwa kwenye maboksi, nikarudi nyumbani na barua ya shukrani. Sijaajiriwa tena tangu siku hiyo. Watoto wawili wamesoma kwa kazi hii. Kwa hiyo ndiyo, inalisha, ingawa miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nakaanga maandazi alfajiri kabla sijawasha kompyuta.

Kaka wa Temeke amesema wanachosema wateja wengi, kwa hiyo nianzie hapo. Nikupe kazi moja nzima uone pesa inatokea wapi.

Mnunuzi mmoja wa korosho alitaka kujua Tanzania imeuza nje korosho ghafi kiasi gani kwa misimu mitano. Alikuwa tayari na majedwali mawili aliyoyatoa mtandaoni, na hayakukubaliana hata mwaka mmoja. Akaniambia, "Nitafutie lipi ni la kweli." Nikakaa nayo siku nne. Yote mawili yalikuwa ya kweli.

La kwanza lilihesabu kwa msimu. Korosho yetu inaanza kuingia maghalani Oktoba na minada inaendelea hadi mwaka mpya, kwa hiyo msimu wa 2017/18, ule uliokuwa wa rekodi wakati huo, wa tani zaidi ya 313,000, unakatwa katikati na tarehe 1 Januari. La pili lilihesabu kwa mwaka wa kalenda. Tena aliyelitengeneza alijumlisha namba mbili za forodha: 0801.31, ambayo ni korosho yenye ganda, na 0801.32, iliyobanguliwa. Hizo hazijumlishwi kwa kilo. Kilo ya korosho ghafi ukishaibangua unabaki na kama robo yake tu, kwa hiyo jumla ile haikuwa na maana yoyote kwa mtu anayenunua ghafi.

Halafu nikaangalia upande wa pili. Takwimu za biashara za Umoja wa Mataifa, zile za Comtrade, zinakuonyesha India na Vietnam wanasema wamepokea kiasi gani kutoka kwetu. Meli iliyoondoka Mtwara mwishoni mwa Desemba, sisi tunaiandika mwaka huu na wao wanaiandika mwaka unaofuata. Sisi tunaandika thamani ya mzigo ukiwa umepakiwa hapa. Wao wanaongeza nauli na bima. Ukishayatoa hayo, sehemu kubwa ya tofauti inaisha, na kile kinachobaki ndicho unachokwenda kumuuliza mtu aliyeko Mtwara.

Mwaka 2018 ndio ulimtisha. Mstari unaporomoka, akadhani mikorosho imepata ugonjwa. Jedwali haliwezi kukuambia sababu. Magazeti ya Novemba mwaka ule ndiyo yanayokuambia: wakulima walizikataa bei za mnadani, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapelekwa kusomba. Miezi ambayo kwa kawaida meli zinapakia, ghala zilikuwa zimejaa na bandari imetulia.

Ripoti yangu ilikuwa kurasa sita. Alinipigia simu kuhusu ukurasa mmoja tu, wa mwisho, ambako niliandika nimetafuta wapi, kwa maneno gani, tarehe gani, na vitu gani nimevitafuta nikavikosa. Akasema huo ndio utakaomsaidia mbele ya wakubwa zake. Kuanzia siku hiyo nikajua ninauza nini. Majedwali alikuwa nayo tangu mwanzo. Alikosa mtu wa kumwambia lipi aliamini na kwa nini, na wa kuweka jina lake chini ya jibu hilo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nitakachokuambia ununue ni kaunta buku. Laptop unayo, programu za kupanga marejeo ziko za bure kama Zotero, hizo utajifunza. Lakini daftari la utafutaji lianze leo, na hii kazi ya udumavu. Langu nimeligawa safu tano kwa rula: tarehe, mahali, maneno niliyotafutia, majibu mangapi, nilichochukua. Pale nilipokosa naandika kwa kalamu nyekundu. Kuna kurasa zina nyekundu tupu, na hizo nazithamini sana, maana mteja akiniuliza mwaka mmoja baadaye, "Una uhakika hakuna utafiti wa Kigoma?" naweza kumjibu nilitafuta lini, wapi, na kwa maneno yapi.

Nilijifunza kwa gharama. Mwaka 2016 nilichukua asilimia moja kutoka ripoti ya shirika. Ripoti ile ilikuwa imeinukuu kutoka ripoti nyingine, na ile nayo kutoka nyingine. Ilikuwa namba nzuri, iko wazi, kila mtu anaitumia. Mteja akasimama nayo mbele ya wafadhili wake. Mmoja wao akauliza imetoka wapi. Nilipoifuata hadi mwanzo, baada ya aibu ile, nikakuta ni matokeo ya wilaya moja, tena kabla ya mwaka 2000, na watu walikuwa wakiitaja kama ya nchi nzima. Mteja yule hakurudi na sikumlaumu. Tangu hapo sinukuu kilichonukuliwa. Nisipoona karatasi ya asili, namba haiingii, au inaingia na maelezo kwamba asili yake sijaiona.

Hili la akili mnemba nalijibu kwa heshima. Ninaitumia, inanisaidia kufikiria maneno ya kutafutia na kupata picha ya mada nisiyoijua. Lakini mwaka jana mteja aliniletea orodha ya marejeo 40 aliyopewa na programu hizo, akataka nimpatie makala zenyewe. Tisa hazikuwepo duniani. Majina ya waandishi yapo, jarida lipo, mwaka upo, makala haipo. Nililipwa kwa kuthibitisha hivyo. Na vipo vitu vingi ambavyo bado haviko kwenye mashine yoyote. Nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, uliza mafaili ya wakati wa Wajerumani, yale yanayoanza na herufi G. Unaingia na penseli, unajaza fomu, unasubiri, faili linakuja na harufu yake. Ukitafuta kwa majina ya leo hutapata kitu: Mwanza wameiandika Muansa, Arusha ni Aruscha, Bagamoyo yetu ni Bagamojo, na Ujiji ni Udjidji. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliyeko Ulaya alishaambiwa na mtu aliyemtuma kabla yangu kwamba Ujiji haina kitu. Nilimtumia orodha ya mafaili wiki hiyo hiyo. (Mgeni anayekuja kufanya utafiti mwenyewe anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa hiyo mteja wa nje muulize mapema ana vibali gani na wewe unaingia kwa utaratibu gani. Usibebe hilo kichwani mwako peke yako.)

Upande wa karatasi za biashara ni mfupi. Jina la biashara unasajili BRELA mtandaoni, TIN, yaani namba ya mlipakodi, unachukua TRA, leseni halmashauri. Mashirika mengi hayakubali kumlipa mtu asiye na TIN, ndiyo maana vijana wengi wazuri wanakosa kazi hizi. Wakikulipa watakata kodi ya zuio, asilimia 5 kwa huduma. Dai cheti chake kila mara, kitakusaidia wakati wa hesabu za mwaka.

Kazi za kukataa ni mbili, na nakuomba uzikatae hata kama kodi ya nyumba inadaiwa.

Ya kwanza ni kumwandikia mwanafunzi tasnifu. Kumtafutia makala, kumfundisha kutafuta, kumpangia marejeo, hiyo ni kazi ya mkutubi tangu zamani. Kumwandikia sura ya pili ni kumsaidia kudanganya chuo, na jina lako likishajulikana kwa hilo, mwanasheria hatakuamini tena na hukumu zake.

Ya pili ni kumtafuta mtu. Mwanamume mmoja aliniletea jina la mwanamke, akataka nijue anakaa wapi siku hizi na namba yake ya simu, akasema ni mambo ya kifamilia. Aliweka laki tatu mezani. Nilimrudishia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023 na isome yote, lakini hata kama isingekuwepo, sikujua mwanamke yule alikuwa anamkimbia nani.

Wateja wangu leo ni wanasheria, washauri wa miradi, wanafunzi wa uzamivu walio nje, na watu wa filamu za makala. Karibu wote wameletwa na mteja mwingine. Marekani watu wa kazi hii walianzisha chama chao tangu 1987, AIIP, kwa hiyo ukiambiwa nyumbani kwamba kazi hii haipo, waambie ipo na ina umri mkubwa kuliko wewe.

Mwana wa Likoni:

Dada wa Tabata, Mungu akuzidishie. Mie niko Mombasa, kazi ni hiyo hiyo, nimeanza kwa kuwatafutia mawakili taarifa za makampuni na kesi kwenye Kenya Law.

Naongeza moja tu kwa ndugu yetu. Usisahau barua. Watu wa kazi hii wanakesha mtandaoni wakati kitu wanachokitaka kiko kwenye kabati la ofisi ya umma, na sheria iko upande wao. Kwetu Kenya ni Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Ninyi Tanzania mna sheria yenu ya mwaka huo huo, na siku ni 30. Nimewahi kuzungushwa na ofisi moja miezi mitatu, njoo kesho njoo kesho. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikataja sheria na kifungu, nikaomba wanigongee muhuri nakala yangu. Wiki ya tatu wakaniita. Mhudumu mwenyewe alikuwa mwema, alikuwa akiogopa tu kutoa faili bila karatasi ya kumlinda. Hiyo barua ilimsaidia yeye kuliko mie.

Na barua ile ukiweka nakala yake kwenye ripoti, hata usipojibiwa, mteja anaona umefanya kazi.

Masjala27:

Dada shikamoo, na kaka wa Likoni asante sana. Nimeisoma na mama akiwa pembeni, kwenye yale maandazi ameniangalia akacheka kwa furaha, kwa sababu hapa nyumbani yeye ndiye mpika maandazi.

Naomba kuuliza mawili ya haraka kwa sababu lile shirika linataka jibu keshokutwa. Wamenipa wiki mbili, wakaniambia "taja bei yako". Sijui niseme ngapi. La pili, makala nyingi za lishe zinataka kulipiwa. Nina rafiki yupo hospitali, wana Research4Life, ile huduma inayozipa taasisi makala za kulipiwa, amesema atanipa nywila yao. Nitumie?

Mtafutaji wa Tabata:

Marahaba mdogo wangu. Msalimie mama.

Nywila ya rafiki yako usiitumie. Huduma ile inatolewa kwa taasisi, kwa masharti, na nywila ikionekana inatumika hovyo hospitali nzima inaweza kufungiwa, madaktari wakakosa kusoma. Lakini angalia: mteja wako ni shirika lisilo la kiserikali, lipo Tanzania. Mashirika kama hayo yanaweza kuomba kusajiliwa Research4Life yenyewe. Waambie hivyo. Ukimfungulia mteja mlango ambao hakujua ni wake, atakukumbuka. Wakati wanasubiri, tumia zilizo wazi: PubMed inakuonyesha makala zipi ni za bure, AJOL ina majarida ya Afrika, na mwandishi mwenyewe ukimwandikia kwa adabu mara nyingi anakutumia makala yake siku hiyo hiyo.

Kuhusu bei: usitaje kabla hujajaribu. Kesho asubuhi kaa saa mbili, tafuta kwa kweli, uone zinatoka ngapi. Kazi yangu ya kwanza nilisema siku tatu kwa shilingi 150,000. Ikawa siku kumi na moja, kwa sababu sikujaribu kwanza. Hesabu siku za kutafuta, za kusoma, za kuandika, na mbili za kurekebisha, kwa sababu watarekebisha. Zidisha kwa kiwango chako cha siku. Mshahara wako wa masjala ugawe kwa siku 22 za kazi, halafu uongeze nusu yake, maana sasa bando, umeme na siku za kukaa bila kazi ni juu yako. Omba asilimia 40 mwanzoni. Shirika lenye nia halitakataa.

Na andika wazi nini kimo na nini hakimo. Lugha gani, miaka gani, mikoa gani. "Udumavu Tanzania" ni bahari. Ukichukua tafiti za afya za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, peke yake, 2015-16 ilikuwa asilimia 34 ya watoto chini ya miaka mitano, 2022 ikawa 30. Katikati kuna utafiti wa lishe wa 2018 ambao ni zoezi jingine, usiuweke kwenye mstari mmoja bila kusema. Na wastani wa taifa usikutosheleze: mwaka 2022 Iringa, mkoa wa mahindi na viazi, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa. Wakulima wanalima, chakula kipo, na watoto hawakui. Mteja wako pengine anataka kujua hilo hasa na hajui kuliuliza. Mpigie simu umuulize taarifa hii anakwenda kuitumia kuamua nini, kabla hujaandika bei.

Kesho nipo nyumbani. Ukimaliza zile saa mbili nitumie hapa kwenye ujumbe binafsi hadidu za rejea walizokupa na picha ya ukurasa wako wa kwanza wa daftari. Nitakuwa hewani mpaka saa nne usiku.